Ordinateri za nyumbani Kivu na Ituri: nyingi zinahukumiwa kufa bila kuchunguzwa

Umeme unarudi saa mbili za usiku. Ndani ya nyumba taa inawaka, televizio inawaka, simu zote zinakimbilia prizi. Ordinateri ya meza, ile iliyokuwa inafanya kazi vizuri asubuhi, inabaki kimya. Ao inawaka, inafika kwenye alama ya Windows, kisha inazima yenyewe. Kesho yake mwenye nyumba anaibeba kwa fundi. Kule majibu ni mawili, karibu kila siku: "ni virisi, tuformate", ao "karte meri imekufa, tafuta ingine".

Majibu yote mawili yanakula makuta. La kwanza linafuta kazi za watu zilizokuwa ndani. La pili linatupa mashini nzima ju ya kipande kimoja ambacho pengine kilipatikana sokoni kwa bei ndogo. Na katikati ya hayo mawili kuna kazi moja ambayo haikufanyika: hakuna aliyechunguza.

Zamani hilo lilikuwa ni shida ya mtu na mashini yake. Leo si hivyo. Mwezi wa kwanza 2025 uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, mabenki ya biashara yalifunga milango Goma, na mwezi uliofuata yakafunga Bukavu. Mtu aliyekuwa na akiba yake benki hawezi kuamka asubuhi na kwenda kununua ordinateri mpya. Bidhaa zinazofika zinapita njia ndefu zaidi, na njia ndefu inaongeza bei. Wakati huohuo, nyumba nyingi zinaishi ju ya ile mashini: mama anapiga TFC za wanafunzi na kutoa fotokopi kwenye baraza, kijana anachapa picha za pasipoti, mwalimu anatayarisha maulizo ya mitihani. Ikizima, chakula nacho kinapungua mezani.

Kuna na jambo la pili. Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, Microsoft iliacha kutengeneza bure usalama wa Windows 10. Anayetaka kuongeza mwaka mmoja lazima ajiandikishe. Windows 11 nayo inadai, kwa mashini za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na kile kifaa cha usalama kinaitwa TPM 2.0. Ordinateri nyingi za meza zinazotembea katika miji yetu ni okazyo kutoka Ulaya na Dubai, za kizazi cha 2, cha 3, cha 4. Haziingii. Basi fundi amepata sababu mpya ya kusema "Windows yako imekwisha muda", hata pale ambapo mashini inazima ju ya vumbi tu. Windows 10 haikuzima hata ordinateri moja siku ile. Iliacha kupata dawa za usalama, ni hivyo tu. Mashini yenye afya inaendelea kuwaka.

Umeme njo mshitakiwa wa kwanza

Anayetaka kujua kwa nini ordinateri zinakufa huku kwetu asianzie ndani ya kasha. Aanzie kwenye ukuta.

Bukavu inategemea Ruzizi I, iliyojengwa mwaka 1958, na Ruzizi II ya mwaka 1989, ambayo umeme wake unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Goma inapata upande wa SNEL na upande wa makampuni binafsi, kama ule wa Matebe, Rutshuru. Beni, Butembo na Bunia, watu wengi wanachanganya: kidogo umeme wa kampuni, kidogo sola, kidogo grupu. Mji umekua, waya zimebaki, na kila mtaa una wale waliojiunganisha bila ruhusa. Matokeo yake kila mkaaji anayajua: delestaji, taa zinazofifia jioni watu wakiwasha majiko, kisha moto unaorudi kwa kishindo.

Ordinateri inasumbuliwa na vyote viwili. Prizi inatakiwa kuleta volti 220. Ndani ya kasha kuna kisanduku cha chuma chenye ventilateri, kinaitwa alimantasio, na kazi yake ni kugeuza hizo 220 kuwa volti 12, volti 5 na volti 3,3, kwa utulivu, bila kuyumba. Tansio ikishuka, alimantasio inajikaza, inavuta mkondo mkubwa zaidi ili itoe kazi ileile, na inapata joto. Umeme ukirudi kwa kishindo, yeye njo anapigwa wa kwanza. Kila usiku kidogo kidogo, kondansateri zake zinachoka. Haifi siku moja. Inadhoofika, na mashini inaanza tabia za ajabu: inawaka mara ya tatu tu, inazima ukifungua programu nzito, inagoma asubuhi ya baridi na kukubali mchana.

Tabia hizo zote mwenye mashini anaziita virisi.

Lakini kuna njia rahisi ya kutenganisha. Virisi ni programu. Ili ifanye kazi lazima mashini iwake kwanza na Windows ianze kupanda. Ordinateri ambayo haitoi hata mwanga, ao inazima kwenye maandishi ya kwanza meupe ju ya weusi kabla ya alama ya Windows, haisumbuliwi na virisi. Na kama inazima ikiwa ndani ya Windows, kuna jaribio moja ambalo halifuti kitu: kuiwasha kwa ufunguo wa USB wenye Linux, bila kugusa diski. Ikitulia masaa mawili kwenye Linux, basi shida pengine iko kwenye Windows ao kwenye diski. Ikizima tena palepale, kuformate ni kupoteza wakati, kwa sababu hata ukiweka Windows mpya, kasha linabaki lilelile gonjwa.

Mfano wa mashini inayozima ikiprinti

Tuchukue mfano ambao mafundi wa miji yetu wanaukuta mara nyingi. Nyumba moja iko na kasekretariati: ordinateri ya meza, emprimante ya leza, na ralonji moja yenye matundu manne. Kila mara mama akibonyeza kuprinti, mashini inazima na kujiwasha upya. Si kila ukurasa, lakini hasa jioni. Fundi wa kwanza anasema virisi imeingia kwa fleshi za wanafunzi, anaformate. Siku mbili, ugonjwa umerudi. Wa pili anaformate tena. Wa tatu anasema karte meri.

Emprimante ya leza ina kitu kama pasi ndani yake. Ili wino wa unga ushike karatasi, lazima uchomwe, na kile kipande cha kuchoma kinapoanza kupata moto kinavuta umeme mwingi kwa mara moja. Katika mji ambako tansio iko 220, hakuna anayesikia. Jioni ambako prizi inaleta pungufu sana, na waya wa ralonji ni mwembamba, ule mvuto unaangusha tansio zaidi kwa nukta ya sekunde. Taa inapepesa. Ordinateri iko kwenye ralonji hiyohiyo; alimantasio yake iliyochoka haiwezi kuvuka lile shimo, inaachilia, mashini inazima.

Dawa ya kwanza haiuzwi: emprimante ipate prizi yake ya ukuta, mbali na ordinateri. Kama ugonjwa unapona, hakuna kilichokufa, ingawa alimantasio imeonyesha kwamba imezeeka. Kama haiponi, unabadilisha alimantasio. Ile mashini iliformatiwa mara mbili ju ya waya.

Na hapa kuna kosa lingine la kuangalia: kuweka emprimante ya leza nyuma ya onduleri. Onduleri ndogo za nyumbani hazikutengenezwa kwa mzigo ule, zinalia na kukata. Tena wengi wanafikiri onduleri inatengeneza tansio. Iko zinazofanya hivyo, iko zingine ambazo zinangoja tu umeme ukatike ili zitoe batri. Na batri ya onduleri ikishakufa, mashini inazima palepale kama vile hakuna kitu, mwenye nyumba akiamini bado analindwa.

Kutoka nje kwenda ndani

Fundi mwenye akili anafuata njia moja: kutoka nje kwenda ndani, kutoka kisicho na bei kwenda chenye bei. Prizi nyingine, kabulo nyingine, kwa jirani ikiwezekana. Kwenye alimantasio za zamani kuna kiswichi kidogo chekundu nyuma, 115 na 230. Mtoto akikisogeza kwenye 115 na ukachomeka kwenye umeme wetu, utasikia mlio na harufu, na hapo hakuna maombi. Kisha unatoa umeme, unafungua kasha, unaangalia kwa macho. Macho yanaona mengi. Kondansateri zilizovimba kichwa kama kopo la samaki lililoharibika, ao zenye majimaji ya kahawia chini yake. Ventilateri iliyofungwa na vumbi. Huko Goma vumbi la lava ni jeusi na kali, linakaa kati ya mabati madogo ya kupoza prosesa kama sufi. Mashini inayozima baada ya dakika kumi ao ishirini, kisha ikikaa inapona, kisha inazima tena, mara nyingi ni joto: vumbi, ao ule mchuzi mweupe wa katikati ya prosesa na kipoza umekauka.

Baada ya macho, mkono. Bareti za RAM zinatolewa, miguu yake ya rangi ya dhahabu inasuguliwa polepole na gomu ya kufutia ya watoto wa shule, zinarudishwa moja moja, kila moja kwenye tundu lake. Mashini inayopiga mlio bila kuonyesha kitu kwenye ekra inasema jambo; maana ya milio inabadilika kufuatana na aliyetengeneza karte meri, lakini mlio unaojirudia pamoja na ekra nyeusi mara nyingi ni RAM ao karte ya picha. RAM mbovu ina tabia nyingine ya kudanganya: ekra ya buluu ya Windows inayotoa kosa tofauti kila mara, na Windows mpya inayogoma katikati ya kuingia. Fundi anasema sidi ni mbaya. Kuna programu ya bure, MemTest86, inayopima RAM kutoka kwa ufunguo wa USB. Inakula masaa, na katika mji wa delestaji masaa hayo lazima uyachague.

RAM inastahili uangalifu siku hizi. Mwishoni mwa 2025 bei yake ilipanda dunia nzima, viwanda vikielekeza kazi kwa masanta makubwa ya akili bandia. Mwezi wa kumi na mbili kampuni Micron ikatangaza kwamba inaacha kuuza bareti za alama Crucial kwa watu wa kawaida. Bareti ambayo jana ilikuwa kitu kidogo, leo ina soko. Hilo linagusa na uaminifu, tutafika.

Familia zilizokimbia na kurudi zina jambo lao. Ordinateri iliyofungwa ndani ya gunia na kubebwa nyuma ya pikipiki kutoka Sake, Minova ao Kamanyola imepigwa na kila shimo la barabara. Ikigoma kuwaka, usiite karte meri mbele ya kusukuma tena kila kabulo na kila bareti. Kama ilifika usiku na imelowa baridi, ingoje mpaka asubuhi ikauke ndipo iunganishwe.

Halafu kuna kile kibatri cha mviringo, CR2032, kama kifungo cha koti, kinachokaa kwenye karte meri. Kikiisha, saa ya ordinateri inarudi miaka nyuma kila umeme ukikatika. Mwenye mashini hajali tarehe. Lakini anafungua mtandao, na kila ukurasa unakataa, unasema muunganisho si salama, kwa sababu mashini inaamini tuko mwaka ambao vyeti vya usalama vya kurasa hizo havijatolewa bado. Watu wamelipa kuondoa virisi kwa ajili ya kibatri kile.

Alimantasio yenyewe, mafundi wengi wanaipima kwa kipande cha waya: wanaunganisha waya wa kijani na mweusi, ventilateri inazunguka, wanasema "iko muzima". Hapo kuna udanganyifu, hata kama si wa makusudi. Ventilateri kuzunguka kunaonyesha kwamba inaweza kuwaka ikiwa mikono mitupu. Haionyeshi kwamba inaweza kubeba mzigo. Kipimo cha multimetri, mashini ikiwa inafanya kazi, njo kinasema: waya wa manjano usishuke chini ya volti 11,4, mwekundu usishuke chini ya 4,75. Na bado jaribio bora ni kuweka alimantasio nyingine inayojulikana kuwa nzima, hata kwa saa moja. Kufungua kile kisanduku chenyewe si kazi ya mwenye nyumba: ndani kunabaki umeme wa kuua hata kama kimetolewa kwenye prizi.

Kwa nini fundi anasema virisi

Ni rahisi kumlaumu fundi, na wengine wanastahili. Lakini angalia biashara yake. Mteja anafika, anataka bei. Fundi akimwambia "nitaangalia siku mbili, unilipe kuangalia", mteja anacheka na kwenda kibanda kinachofuata. Hakuna anayelipa kuangalia. Watu wanalipa kitu kinachoonekana: Windows mpya, rangi mpya, programu mpya. Basi kijana aliyejifunza kazi mbele ya mkubwa wake, asiye na alimantasio ya kujaribia wala bareti ya kujaribia, anafanya kile anacholipwa. Anaformate. Kama mashini inapona siku tatu, amekula. Kama haiponi, karte meri imekufa, na hapo anajitolea kununua ule mzoga kwa bei ya vipande.

Ndani ya mzoga huo, bareti, prosesa na diski pengine ni nzima. Na kuna malalamiko mengine ambayo kila mtaa unayajua: mashini inaingia kwa fundi na RAM ya giga 8, inatoka na giga 4. Mwenyewe hakuwa anajua alikuwa na ngapi. Mbele ya kupeleka, simu ipige picha ya ndani ya kasha, na ya ule ukurasa wa Windows unaoonyesha RAM na prosesa. Mbele ya fundi aseme wazi amezipiga. Tena mtu akubali kulipa kuangalia. Wapatane bei ya uchunguzi mapema, iwe ndogo, ilipwe hata kama jibu ni "badilisha prizi". Bila hiyo, fundi mwaminifu analala njaa na anayeformate anakula.

Diski kwanza

Kitu kimoja hakina okazyo sokoni, nacho ni kile kilichoandikwa ndani. TFC ya mwanafunzi aliyebakiza wiki mbili kujitetea. Picha za marehemu. Sura ya mkataba wa kiwanja ambao karatasi yake ilibaki kwenye nyumba iliyoungua.

Diski inayokufa inatoa habari mapema kuliko vipande vingine, ila watu hawasikii. Inagonga tik, tik, tik. Dosie inachukua dakika tano kufunguka. Fishie zinapata majina ya ajabu. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo inasoma afya yake na kuonyesha rangi: buluu ni nzuri, manjano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Siku manjano imetokea, kazi ya kwanza ni kukopi, mbele ya kutengeneza, mbele ya kuscan, mbele ya chochote. Ile kazi ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski inaizungusha masaa mengi, na diski dhaifu inaweza kumalizikia mulemule. Kuformate diski ya namna hiyo ni kuzika mtu anayepumua.

Na pale ambapo karte meri imekufa kweli, kwa sababu kufa inakufa, umeme wetu unaweza, diski haikufa nayo. Inafunguliwa kwa vis nne, inawekwa kwenye kasha la USB ao kwenye mashini ya jirani, na fishie ziko pale. Mwenye nyumba anayemuuzia fundi mzoga aitoe kwanza mwenyewe, aende nayo nyumbani.